Monita ya chogo: kabla hujaitupa, usikilize ugonjwa wake

Ukipita sokoni Nyanza-Lac, Rumonge, au ng'ambo Kigoma, utaziona zimesukumwa chini ya meza za mafundi zikiwa zimejaa vumbi. Ni monita za kompyuta za zamani, zile zinazoitwa za chogo kwa sababu ya mgongo wake mrefu. Hakuna anayezitaka. Wenye vibanda huzitoa bure kwa yeyote atakayewapunguzia mzigo, na wengine huzivunja wapate shaba iliyomo ndani.

Makala haya hayana nia ya kumrudisha msomaji kwenye monita hizo. Kioo chembamba cha leo kinatumia umeme mdogo na kinabebeka kwa mkono mmoja. Ninachotaka kusema ni kwamba zipo monita chache za zamani ambazo thamani yake haiko kwenye kioo. Iko kwenye kitu ambacho kioo hicho peke yake ndicho kinaweza kukionyesha. Hizo zinastahili kutengenezwa. Kazi yenyewe si uchawi, ila inataka utaratibu, na ina hatari moja ambayo fundi na mfanyabiashara wote wanapaswa kuijua.

Kompyuta iliyorudi na wakimbizi

Mimi ni mwalimu, mtoto wa wakimbizi wa 1972. Nilizaliwa na kusomea makazi ya Katumba, karibu na Mpanda, wakati huo mkoa wa Rukwa na sasa Katavi. Mwaka 2008 tulirudi Burundi, kwa treni mpaka Kigoma na kisha kwa malori. Kila familia ilifunga ilichoweza: mabati, baiskeli, mashine ya kushona, mbuzi.

Mzee mmoja wa kwetu alifunga kompyuta. Kule Katumba alikuwa katibu wa kamati ya wazazi waliokuwa wakifuatilia watoto waliotoka makazini kwenda kusoma sekondari. Katika miaka ya 1990 kamati hiyo ilipewa kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya, na mzee akaitumia kwa umeme wa jenereta kuandika orodha. Kila mtoto alikuwa na mstari wake: jina, jina la baba, kilima alikotoka baba yake Burundi, shule, mwaka wa mtihani na namba ya mtihani.

Msomaji aliyepitia njia yetu anajua maana ya orodha hiyo. Wengi tulirudi bila vyeti. Vingine viliungua, vingine vililowa, vingine vilibaki kwa ndugu ambaye leo hajulikani aliko. Anayefuatilia cheti kilichopotea huulizwa mambo matatu kabla ya yote: mwaka, shule na namba ya mtihani. Mwaka anaukumbuka, shule anaikumbuka. Namba ya miaka 25 iliyopita, nani anaikumbuka?

Liko na tatizo la majina. Baadhi yetu tuliandikishwa shuleni kwa majina ya kwao Watanzania, kwa hofu au kwa urahisi tu. Hapa nyumbani kitambulisho kinasema jina jingine. Katika orodha yake mzee aliandika yote mawili, moja baada ya jingine. Si hati ya mahakama, lakini kwa mtu anayehitaji kueleza kwamba huyu na yule ni mtu mmoja, ni mwanzo mzuri kuliko maneno matupu.

Karatasi zilizochapwa kutoka kwenye orodha hiyo ziliharibiwa na mvua mwaka uleule tuliorudi. Ilibaki kompyuta, na monita yake ilikuwa imekufa.

Kwa nini kioo kingine hakikufaa

Swali la kwanza la kila mtu lilikuwa moja: kwa nini msichukue kioo kingine mkachomeka? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linaloitofautisha monita hii na nyingine zote zilizo chini ya meza.

Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, iliiwekea kadi ya maandishi ya rangi moja iliyotoa mistari 25 yenye herufi 80 kila mmoja. Viwanda vingine vingi viliiga mtindo huo. Kadi hiyo inazungumza na monita kupitia plagi ya pini 9, na inachora mistari ya picha zaidi ya 18,000 kwa sekunde. Mwaka 1987 ukaja mtindo uliozoeleka zaidi, wa plagi ya pini 15, ambao huchora zaidi ya mistari 31,000 kwa sekunde na kutumia umeme wa namna nyingine kueleza mwanga na rangi.

Kwa hiyo plagi haziingiliani, na hata ukizilazimisha kwa waya hazielewani. Ni kama kumpa barua ya Kirundi mtu anayejua Kifaransa tu: herufi anaziona, maana haipati. Tena baadhi ya monita hizo za kale zilitegemea mapigo kutoka kwenye kompyuta ili kuendesha sehemu yake ya umeme mkubwa. Zikipewa mapigo yasiyo yake, zinaweza kuungua.

Njia nyingine ingekuwa kutoa diski na kuitia kwenye kompyuta mpya. Nayo haikuwezekana. Diski za wakati ule huendeshwa na kadi yake maalumu, na kompyuta za leo hazina hata mahali pa kuichomeka kadi hiyo. Kuna kadi za kati ambazo zingeweza kuikubali kompyuta hii na kutoa picha kwa pini 15, lakini tulizitafuta Kigoma na Bujumbura bila kuzipata. Njia iliyobaki ilikuwa kuifufua monita yenyewe.

Mstari mmoja wa kijani

Tulimfuata fundi wa televisheni mwenye kibanda pale sokoni, mtu mzima ambaye mikono yake imefungua televisheni za chogo tangu ujana wake. Alipoiona monita hakugusa bisibisi.

"Mwalimu, kwanza tuiwashe, itueleze yenyewe," alisema.

Kompyuta ilitoa mlio mmoja mfupi, ishara kwamba yenyewe ni nzima. Baada ya muda kidogo ukatokea mstari mmoja wa kijani katikati ya kioo, umelala kutoka kushoto mpaka kulia, unang'aa kama wembe juani. Juu yake giza, chini yake giza. Fundi aliwahi kupunguza mwanga haraka, kisha akacheka.

"Hii haijafa. Imepooza upande mmoja."

Naomba nieleze kwa namna ninavyowaeleza wanafunzi. Ndani ya chupa ya kioo hakuna hewa. Kwenye shingo yake kuna mahali panapopashwa moto, panapotoa miale ya elektroni. Miale hiyo huvutwa mbele na umeme mkubwa, hugonga unga uliopakwa ndani ya kioo, na unga huo hung'aa. Shingoni kuna nyaya zilizosukwa katika jozi mbili. Jozi moja huupeleka mwale kushoto na kulia, nyingine huupeleka juu na chini. Mwale unapopita kote kwa kasi, jicho linaona ukurasa mzima.

Sasa mstari mmoja ulituambia nini? Ulisema moto wa shingoni upo, umeme mkubwa upo, chupa ni nzima, na safari ya kushoto na kulia inakwenda vizuri. Kilichokosekana ni safari ya juu na chini tu. Mistari yote ya picha ilikuwa ikichorwa mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine. Ndiyo sababu fundi alipunguza mwanga: mwale ukikaa mahali pamoja kwa muda huunguza unga, na alama yake haifutiki tena.

Kwa hiyo kabla hata ya kuifungua, sehemu kubwa ya mashine ilikuwa imetoka katika orodha ya washukiwa.

Umeme unaobaki baada ya kuchomoa

Hapa ndipo penye hatari niliyoitaja mwanzoni, na naomba msomaji asipite haraka.

Monita ya chogo ikishachomolewa ukutani bado inaweza kuua. Chupa yake ya kioo huhifadhi umeme kama pipa linavyohifadhi maji. Katika monita ndogo ya rangi moja umeme huo hufikia volti 10,000 na zaidi. Katika monita kubwa ya rangi hufikia volti 25,000 hivi. Unaweza kubaki humo muda mrefu baada ya kuzimwa. Hata kama wenyewe haukuui, mshtuko wake hukurusha mkono kwenye vyuma, au hukufanya uiangushe chupa.

Fundi alichomoa waya wa ukutani, akachomoa na ule wa kompyuta, akasubiri. Kisha akachukua bisibisi ndefu yenye mpini mzuri wa plastiki. Kwenye chuma chake alifunga waya wenye kibanio, na kibanio akakibana kwenye ule waya uliosukwa unaozunguka mgongo wa chupa, ambao ndio ardhi ya monita. Mkono mmoja akauweka nyuma ya mgongo wake. Kwa mkono wa pili aliisukuma ncha ya bisibisi chini ya kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa chupa, mpaka ikagusa chuma cha ndani. Ukasikika mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjika.

Alisubiri dakika chache, akarudia. Nilimuuliza sababu. Akasema umeme huwa unajikusanya tena kidogo, na aliyekufa kwa kuamini mara moja hawezi kurudi kusimulia.

Kuna mambo mengine matatu. Shingo ya chupa ni nyembamba na haishikwi. Ikivunjika, hewa huingia kwa nguvu na vioo huruka. Katika monita nyingi za rangi, kapasita kubwa ya sehemu ya kuingizia umeme hubeba zaidi ya volti 300, nayo hupaswa kumwagwa umeme wake kwa utaratibu wake. Na kazi hii haifanywi na mtu aliye peke yake ndani ya nyumba, wala na mtoto, hata awe mwerevu namna gani. Mwanafunzi atazame kwa mbali, ajifunze kwa macho.

Ugonjwa wenyewe

Bodi ilipotolewa, fundi aliifuta vumbi kwa brashi ya rangi, akaigeuza kwenye mwanga wa jua. Alikwenda moja kwa moja kwenye saketi iliyofungwa kwenye bati la kupozea joto, ile inayoendesha safari ya juu na chini. Kuzunguka pini zake mbili kulikuwa na duara nyembamba nyeusi kwenye lehemu, kama ufa unaozunguka nguzo iliyotikisika.

Hilo ni jambo la kawaida kwenye mashine za umri huo. Kifaa kikipata joto kinatanuka, kikizimwa kinanywea. Miaka ikipita, lehemu inachoka na kuachia. Pini inaonekana imeshika, kumbe imeegemea tu.

Karibu yake kulikuwa na kapasita ya mikrofaradi 1,000, volti 25, ambayo umeme wa nyaya za shingoni hupita ndani yake. Kapasita za aina hiyo zina maji maji ndani, na miaka mingi karibu na joto huyakausha. Fundi aliipima akakuta imebakiwa na sehemu ndogo ya uwezo wake. Akasema hata lehemu ikitengenezwa, picha ingerudi imekunjamana juu au chini.

Kapasita mpya ilipatikana palepale sokoni kwa bei ya soda. Alichagua ya mikrofaradi 1,000 ileile, volti 35, iliyoandikwa nyuzi 105. Volti zikizidi kidogo hakuna ubaya, zikipungua ni hatari. Nyuzi 105 ni kipimo cha joto inachoweza kuvumilia, na karibu na bati la joto ni bora kuliko ya nyuzi 85. Aliangalia pia upande wenye alama ya kutoa, kwani kapasita hiyo ikipachikwa kinyume hupasuka.

Aliondoa lehemu ya zamani kwenye pini zile, akaweka mpya. Kisha akapitia na viungo vingine vyote vinavyobeba joto au uzito: plagi ya nyaya za shingoni, miguu ya transfoma ya umeme mkubwa, swichi ya kuwashia. Alieleza kwamba ufa mmoja ukiuona, mwingine uko jirani.

Kazi yote ilichukua asubuhi moja. Tulipoiwasha, mwanga ulifunguka juu na chini kama pazia, na kompyuta ikauliza tarehe. Ilikuwa imesahau saa yake. Ilidhani leo ni tarehe 1 Januari 1980.

Wazee waliokuwepo walicheka sana. Wangapi kati yetu tuna vitambulisho vya 1 Januari, kwa sababu aliyetuandikisha hakujua siku, nasi hatukuwa na wa kumuuliza?

Tulichokifanya na orodha

Mzee mwenyewe alikaa kwenye kibodi. Orodha ilikuwepo, majina zaidi ya 600, kwa herufi za kijani. Hatukushangilia muda mrefu. Diski ya umri ule inaweza kusimama siku yoyote, na monita iliyotengenezwa leo inaweza kuugua kesho mahali pengine.

Kwa jioni tatu tuliyanakili majina yote. Mmoja alisoma kwa sauti, wawili waliandika kwenye madaftari tofauti, kisha tukalinganisha. Tulipiga pia picha za kioo kwa simu, ukurasa hadi ukurasa. Baadhi zilitoka na kivuli kinachokata katikati, kwa kuwa kamera na monita hazikwendi kwa mwendo mmoja, lakini tulipozirudia mara tatu au nne tulipata zinazosomeka.

Sasa nakala ziko mahali pa tatu tofauti. Hatukuzitoa hadharani, kwa sababu jina la mtu, la baba yake na la kilima chake si bidhaa ya kutembezwa. Anayekuja anatafutiwa mstari wake mwenyewe. Mpaka naandika haya watu 11 wamechukua namba zao, wakiwamo wanawake wawili wanaofanya biashara ya dagaa na mafuta ya mawese kati ya Mugina na Manyovu. Mmoja aliacha ualimu miaka mingi kwa kukosa karatasi ya kuonyesha. Sasa anajiandaa kuvuka kwenda kufuatilia.

Kwa wenzetu wa mpakani

Najua baadhi ya wasomaji bado wananunua na kuuza vifaa hivi, hasa pamoja na televisheni za chogo ambazo zina magonjwa yaleyale. Kwao nina maneno machache ya manufaa.

Usinunue bila kuona imewashwa. Mstari uliolala katikati, kama wa kwetu, mara nyingi ni ugonjwa mdogo. Mstari uliosimama kutoka juu mpaka chini ni tatizo la upande wa pili, mara nyingi waya au kiungo karibu na nyaya za shingoni. Madoa ya rangi kwenye pembe za monita ya rangi huwa ni sumaku, labda ilikaa karibu na spika, na huweza kuondolewa. Rangi moja ikikosekana kabisa, anza kwa kutazama kama pini ya plagi imepinda.

Ikiwa haiwaki, na ndani yake unasikia mlio wa tik, tik, tik, sehemu ya umeme inajaribu kuanza na kukatwa na kitu kilichoungana. Inatengenezeka, lakini bei isiwe ya kifaa kizima. Ikiwa picha ni hafifu na yenye ukungu hata ukiongeza mwanga wote, chupa imezeeka. Hiyo iache, dawa yake ni chupa nyingine.

Na ile isiyotengenezeka isivunjwe uani. Kioo cha chupa hizo kina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto, na unga wa ndani si wa kuvuta puani. Kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu. Mwaka 1991 nchi za Afrika zilikubaliana huko Bamako, Mali, kukataza taka za hatari kuingizwa barani. Mkataba huo ulilenga wanaotuletea taka. Haufai kitu ikiwa sisi wenyewe tunazivunja karibu na kisima.

Kabla ya kutupa

Ombi langu kwa waliorejea kama mimi ni dogo. Ndani ya nyumba zetu, chini ya vitanda na juu ya dari, kuna vitu tulivyobeba kutoka uhamishoni ambavyo hatujavifungua tangu siku ile. Kaseti, filamu za kamera, diski, kompyuta ya kamati, redio yenye kaseti iliyokwama. Watoto wetu wanaviona takataka, na siku ya kufagia vitakwenda.

Kabla havijaenda, uliza mambo mawili. Je, kuna kilichomo ambacho hakiko mahali pengine? Na je, aliyekiandika bado yuko hai wa kukieleza? Jibu likiwa ndiyo, mtafute fundi mtu mzima mapema, maana wanaojua kumwaga umeme wa chupa hizi wanapungua, na vijana hawafundishwi tena.

Kisha kikishafunguka, usikitegemee. Nakili siku hiyohiyo.